Sabuni ya maji ya "sehemu za siri za wanaume": nyota moja. Maji matupu: nyota tano. Na govi la ndani linavyofanya kazi

Naanza na alama kabisa ili mwenye haraka asisumbuke. Sabuni ya maji ya kuoshea sehemu za siri za kiume, ile ya chupa nyeusi yenye pampu, nyota moja. Maji ya uvuguvugu peke yake, nyota tano. Krimu nyepesi ya kulainisha ngozi isiyo na manukato, nyota nne na nusu. Huduma niliyopata kliniki ya ngozi, nyota tano na ningeweza ningeongeza. Jina la kampuni ya sabuni silitaji kwa sababu chupa za aina hii ziko nyingi sana na ukizigeuza nyuma ukasoma viambato utakuta karibu ni zilezile, kwa hiyo maoni yangu yachukue kama maoni ya aina nzima ya bidhaa.

Mimi ni mwanaume mtu mzima, sijatahiriwa. Toka nimekua hakuna mtu aliyewahi kunikalisha chini akaniambia govi ni nini, limeumbwaje, linaoshwaje, nilichojua ni kwamba "huko ndani kunakusanya uchafu" na basi. Sasa ukikua na sentensi hiyo moja kichwani unakuwa na wasiwasi usioisha, kila ukioga unajiuliza nimetakata kweli au bado, na siku nilipoona tangazo la sabuni iliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya huko, imeandikwa "usafi wa kina, hisi ubaridi, matumizi ya kila siku", nikasema hii ndo nilikuwa naitafuta. Nikaagiza.

Wiki ya kwanza sina malalamiko, nasema ukweli. Pampu ni nzuri haimwagiki hovyo, povu zuri, harufu nzuri ya majani ya mnanaa, na ule ubaridi unausikia kweli. Nilikuwa navuta govi nyuma, napaka, naacha dakika moja mbili kama maelezo yanavyosema, nasuuza. Asubuhi na jioni. Siku za joto nikawa naongeza na mchana.

Wiki ya pili mwishoni ule ubaridi ukaanza kuwa mchomo kidogo. Sio maumivu, ni kama mtu amekupulizia kitu kikali. Nikajiambia inafanya kazi. Wiki ya tatu sehemu ya ndani ya govi, ile inayojitokeza ukilivuta nyuma, ikawa nyekundu na inang'aa kama ngozi ya mahali palipoungua na maji ya moto palipoanza kupona. Inawasha usiku. Ukilivuta nyuma linagoma kidogo, limekaza, na ukiangalia kwa karibu unaona vimistari vyembamba kabisa vimepasuka, kama midomo inavyopasuka wakati wa baridi.

Hapa ndo nilipokosea na najua wengi wanakosea hapahapa. Nilivyoona wekundu nikajua ni uchafu au maambukizi, kwa hiyo nikazidisha kuosha. Nikaongeza na ile dawa ya maji ya kuua vijidudu ya kuchanganya kwenye ndoo, nikawa naoshea. Duka la dawa wakanipa krimu ya fangasi, nikapaka wiki nzima, haikubadilisha kitu. Wiki ya sita nikawa siwezi kutembea umbali mrefu bila kusikia nguo ya ndani inakwaruza. Ndo nikaenda kliniki.

Sasa niseme kuhusu kliniki kwa sababu huduma nzuri nayo inastahili kuandikwa. Nilipokelewa na muuguzi mwanamama mtu mzima, nilikuwa nimejiandaa kuona aibu lakini yeye alikuwa anaongea kama anaongelea kidole kilichokatwa. Swali lake la kwanza halikuwa nimelala na nani. Lilikuwa, "Mwanangu, unaosha na nini, na mara ngapi kwa siku?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Mara tatu? Na sabuni? Na dawa juu yake?" Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Vuta mdomo wako wa chini, gusa kwa ndani na ulimi. Sasa hapo ungepaka sabuni ya mnanaa ukaacha dakika mbili, asubuhi, mchana na jioni, mwezi mzima, mdomo ungekuwaje?"

Hiyo sentensi moja ingekuwa imeandikwa kwenye chupa ningeokoa wiki sita.

Halafu akakunja mkono wa sweta lake kunionyesha, na hii nitaieleza vizuri kwa sababu mimi ndo nilielewa hapo. Mkono wa sweta ukiukunja mwisho wake kuingia ndani unapata tabaka mbili, la nje na la ndani, na pale kwenye mkunjo ndo ukingo. Govi liko hivyohivyo. Sio kipande kimoja cha ngozi kilichofunika kichwa cha uume, ni ngozi iliyojikunja. Tabaka la nje ni ngozi ya kawaida, mwendelezo wa ngozi ya shina la uume. Inafika kwenye ncha, inajikunja, inarudi kwa ndani mpaka kwenye shingo ya kichwa, ule mfereji ulioko nyuma ya kichwa, na hapo ndo inashikana. Hilo tabaka la kurudi ndo govi la ndani. Ukivuta govi nyuma mkunjo unafunguka, na lililokuwa ndani limelalia kichwa linageuka kuwa nje, limezunguka shina nyuma ya kichwa. Kwa hiyo ukitazama ukiwa umelivuta kabisa, ile sehemu laini yenye rangi ya tofauti, ya waridi au ya kahawia iliyopauka kutegemea rangi ya mtu, yenye unyevunyevu, hiyo ndo yenyewe. Mimi nimekaa na mwili huu miaka yote nilikuwa sijui kwamba hizo ni tabaka mbili tofauti zenye tabia tofauti.

Na tofauti ni kubwa. La nje ni ngozi kavu iliyozoea jua na nguo. La ndani halina nywele, halina tezi za jasho, liko karibu zaidi na ule utando wa ndani ya mdomo au wa kope kwa ndani kuliko ngozi ya mkono. Limekaa mahali palipofungwa, penye unyevu wake, na huo unyevu ndo unaofanya govi na kichwa visikwaruzane. Ukichukua kitu kilichotengenezwa kuondoa mafuta ukakipaka hapo, kinaondoa hasa kile kinachotakiwa kuwepo. Ngozi ya mkono inavumilia sabuni kwa sababu ina ganda nene la seli zilizokufa juu yake. Huko ndani ganda hilo ni jembamba. Halafu jambo la pili ambalo sikulifikiria kabisa, ni mahali panapojifunga tena: mkono ukiusuuza vibaya sabuni inakauka inapukutika, lakini huko ukisuuza vibaya unarudisha govi mbele na mabaki ya sabuni yamebaki katikati ya tabaka mbili zenye joto, yanakaa hapo mpaka uoge tena.

Kwenye ule mkunjo wenyewe, upande wa ndani karibu na ncha, kuna ukanda wa vikunjo vidogovidogo umezunguka. Mwaka 1996 watafiti watatu, Taylor, Lockwood na Taylor, waliandika kwenye jarida la British Journal of Urology wakauelezea huo ukanda kwa kina, kwamba una ncha nyingi za neva za kuhisi mguso mwepesi, zile zinazoitwa za Meissner, aina ileile iliyoko kwenye ncha za vidole. Na chini, upande wa tumbo la uume, kuna ule ukamba mwembamba unaounganisha govi la ndani na kichwa, frenulamu, nao unahisi sana na una kamshipa kake ka damu ndo maana ukichanika unatoa damu nyingi kuliko ulivyotarajia. Sasa mtu amewahi kuniuliza kwa nini ile sabuni ilichoma hasa kwenye ukingo na kwenye ukamba wakati nyuma huku haikuchoma. Jibu ndo hilo, ulipakwa mnanaa mahali ambapo mwili umeweka vihisio vingi.

Kazi yake nyingine ni ya kawaida kabisa, kuteleza. Kwa sababu ni tabaka mbili zilizojikunja, ngozi inaweza kwenda mbele na nyuma bila kusugua kilichoko chini yake, na inafunika kichwa kisikauke na kisikwaruzwe na nguo. Mtu ambaye govi lake limevimba na kukaza kama langu lilivyokuwa ndo anajua thamani ya huko kuteleza.

Nikamtolea chupa, nilikuwa nimeibeba. Akavaa miwani akasoma nyuma. Sodiamu lauril salfeti, hiyo ndo inayotoa povu, ni kali kwa utando. Mentholi, ndo ubaridi. Mafuta ya mti wa chai. Manukato, neno moja tu linaloficha vitu vingi. Na dawa ya kuzuia isioze, methilisothiazolinoni, ambayo madaktari wa ngozi wanaijua vizuri kwa sababu inasababisha mzio kwa watu wengi. Akasema mbele yangu, "Hakuna kimoja hapa ambacho kimewekwa kwa ajili ya hiyo ngozi. Vyote vimewekwa kwa ajili ya pua yako." Hapo ndo nyota nne zilipoondoka.

Wakanichukua kipimo cha usaha na utando kwa kijiti, wakapima mkojo kama una sukari, wakaniuliza kama nina pumu au ukurutu. Nilikuwa na ukurutu utotoni, viwiko na nyuma ya magoti. Kumbe hiyo ni muhimu. Majibu yakatoka hakuna fangasi, hakuna sukari, hakuna ugonjwa wa zinaa. Ulikuwa ni uvimbe wa ngozi uliotokana na kuwashwa na kemikali, basi. Yaani ugonjwa wangu ulikuwa ni usafi.

Daktari aliyekuja baadaye akaniambia sio mimi wa kwanza, na akanitajia utafiti wa mwaka 1993 wa Birley na wenzake uliotoka kwenye jarida la Genitourinary Medicine. Nimeutafuta nikausoma. Walichukua wanaume 43 waliokuwa wanasumbuliwa na uvimbe wa kichwa cha uume na govi unaojirudiarudia, na 31 kati yao, asilimia 72, wakakutwa tatizo ni ngozi kuwashwa, sio vijidudu. Hao watu walikuwa na historia ya mzio zaidi, na walikuwa wanaosha na sabuni mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Walivyopunguziwa sabuni wakapewa krimu ya kulainisha tu, wengi sana kati yao wakatulia. Huo utafiti ni wa miaka mingi iliyopita jamani. Na bado hizi chupa zinauzwa zimeandikwa "matumizi ya kila siku".

Nilichoambiwa nifanye ni kidogo mno mpaka niliona kama nimedharauliwa. Acha sabuni zote huko, hata ya kawaida, acha na ile dawa ya maji. Mara moja kwa siku vuta govi nyuma taratibu mpaka linapofika bila kulazimisha, suuza na maji ya uvuguvugu, zungusha kidole laini kwenye ule mfereji wa shingo, basi. Usitumie dodoki, usitumie kitambaa. Ukitaka kitu cha kuteleza tumia krimu ya kulainisha isiyo na harufu badala ya sabuni, unapaka kidogo unasuuza. Kausha kwa kugusagusa na taulo, usisugue. Halafu rudisha govi mbele, hili alilisema mara mbili. Wakanipa na haidrokotisoni asilimia 1, krimu nyepesi ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kupaka nyembamba siku chache tu, nisizidishe.

Siku ya tatu kuwasha kulipungua. Mwisho wa wiki ya pili vimistari vilikuwa vimefunga. Wekundu ulichukua muda, kama wiki tano hivi, ndo ukaisha kabisa na govi likaanza kurudi nyuma bila kugoma.

Maji basi, kama bidhaa, nayapimaje? Wasiwasi wangu mkubwa ulikuwa ule utando mweupe, smegma. Nilidhani maji hayawezi kuutoa. Unatoka. Smegma sio usaha na sio uchafu uliotoka nje ukaingia, ni seli za ngozi zilizopukutika kutoka kwenye govi la ndani na kwenye kichwa zikachanganyika na mafuta na unyevu wa mwili. Kila ngozi inapukutisha seli, tofauti ni kwamba za mkono zinaanguka chini na za huko hazina pa kuangukia. Ukisuuza kila siku haupati nafasi ya kukaa ukawa mzito na kutoa harufu. Ukiacha siku nyingi ndo unaanza kuwa mgumu, na hapo ni kweli unaweza kuwasha ngozi na kuleta uvimbe, kwa hiyo sisemi watu wasioshe, nasema waoshe na maji. Wanaoosha mara chache sana na wanaoosha kupita kiasi na sabuni wote wanaishia kwenye kiti kilekile pale kliniki.

Jambo jingine ambalo ningependa ningelijua mapema, ule msafara wa vipele vidogovidogo vyeupe vilivyopangana kuzunguka ukingo wa kichwa, na vile vidoti vya njano njano kwenye ngozi ya govi, wanaume wengi wanavyo, ni maumbile tu. Vya kwanza ni vinyama vya kawaida, vya pili ni tezi za mafuta. Mimi nilikuwa navisugua na ile sabuni nikidhani ni dalili ya kitu. Kuvisugua ndo kulinipa vidonda upande wa kushoto.

Krimu ya kulainisha nimeipa nne na nusu na sio tano kwa sababu mbili. Moja, nyingi zina mafuta ya parafini, na mafuta yanaharibu kondomu za mpira wa lateksi, zinapasuka, kwa hiyo kama umepaka lazima uoshe itoke kwanza, na hili halikuandikwa kwenye kopo nililonunua. Vaselini ndo kabisa, usiichanganye na kondomu. Pili, nguo iliyolowana na hayo mafuta inashika moto haraka, kwa mvutaji sigara au anayekaa karibu na jiko ni jambo la kujua. Vinginevyo ni kitu kizuri, haichomi, haina harufu, na kidogo kinatosha.

Kuna wanaosoma hapa watasema suluhisho ni kutahiriwa tu. Sibishani na aliyetahiriwa wala anayetaka, na ukweli usemwe wote: hilo tabaka la ndani lina seli nyingi za kinga ambazo virusi vya UKIMWI vinaweza kuzitumia kuingilia, na majaribio matatu makubwa yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda yalionyesha tohara inapunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke, ndo maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, wakapendekeza ipewe watu kwenye nchi zenye maambukizi mengi, pamoja na kondomu na sio badala ya kondomu. Mtu akiamua kwa sababu hiyo ameamua kwa sababu yenye uzito. Lakini kwenda kukata kwa sababu ya wekundu ulioletwa na sabuni, hapana, kwanza acha sabuni uone. Na hili nalo lizingatiwe, ngozi iliyochubuka na kupasuka inafungua mlango kwa maambukizi yoyote, kwa hiyo kuichubua na kemikali ukidhani unajikinga ni kufanya kinyume kabisa.

Niongeze ya muhimu kutoka kwa yule daktari, kwa sababu sio kila wekundu ni sabuni na sitaki mtu akae nyumbani na maji yake wakati ana kitu kingine. Fangasi wanaorudirudi, au govi linalopasukapasuka kwenye ncha kwa mtu mzima ambaye halikuwa hivyo, nenda kapime sukari, kuna watu wengi wamegundulika kisukari kwa njia hiyo. Na kama tayari una kisukari na unatumia zile dawa zinazotoa sukari kupitia mkojo, fangasi huko ni jambo linalojulikana, mwambie daktari wako, usiache dawa mwenyewe. Ngozi ikibadilika kuwa nyeupe, ngumu, kama karatasi, na tundu la govi likawa linazidi kuwa dogo, huo unaweza kuwa ugonjwa wa laikeni skelerosasi, unatibika na krimu kali ya steroidi lakini ukiachwa unaleta kovu na unaweza kuziba hata njia ya mkojo. Kidonda au uvimbe ambao hauponi, usikae nao wiki na wiki. Na govi lililokaza tu bila ugonjwa kwa mtu mzima, wengi wanasaidiwa na krimu ya steroidi ya kupaka wiki nne mpaka nane pamoja na kulinyoosha taratibu kwa maelekezo, kabla ya kufikiria kisu.

Kisha ile ya kurudisha govi mbele. Likibaki nyuma ya kichwa, ukingo wake unakaza kama mpira wa kufungia, damu inaingia haitoki vizuri, kichwa kinavimba, na kikivimba ndo linazidi kushindwa kurudi. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, sio ya kesho. Inawapata sana wazee waliowekewa mpira wa mkojo hospitali na aliyewaosha akasahau kurudisha. Kama unamuuguza mzee nyumbani, hilo angalia.

Nimalizie na la watoto maana shemeji yangu aliiona chupa bafuni kwangu akaniuliza kama inamfaa mwanawe wa miaka mitatu, ameambiwa na mtu awe anavuta govi nyuma kila siku amsafishe ndani. Nilimzuia kwa vyote viwili. Mtoto anazaliwa govi la ndani na kichwa vimeshikana, ni kama kucha na nyama yake, na vinaachana vyenyewe taratibu kwa miaka. Daktari wa Kidenmaki anaitwa Jakob Øster alichapisha mwaka 1968 uchunguzi wa wavulana wa shule, na kwenye miaka sita na saba zaidi ya nusu bado walikuwa na sehemu zilizoshikana, wakati kwenye miaka kumi na sita na kumi na saba ni asilimia 3 tu. Ukilazimisha unachana, inatoka damu, inapona kwa kovu, na hilo kovu ndo linaleta ule ukazaji ulioogopa. Kwa mtoto unaosha kwa nje tu, kama unavyoosha kidole. Wakati wake ukifika atalivuta mwenyewe, na hapo ndo anafundishwa kusuuza na maji na kurudisha mbele. Kama mkojo unatoka kwa shida, analia akikojoa, au kumevimba na kuwa kwekundu, hapo anapelekwa hospitali.

Kuhusu kampuni ya sabuni, niliwaandikia. Niliandika kwa heshima, nikawatumia orodha ya viambato na majibu ya kliniki, nikawaomba kitu kimoja, waongeze mstari kwenye chupa: "Kwa ngozi ya nje tu. Usitumie ndani ya govi." Wakanijibu ndani ya siku mbili kwamba wanasikitika bidhaa haikunifaa na wakanipa punguzo la kununulia chupa nyingine. Nikawaandikia tena nikarudia ombi lilelile kwa maneno yaleyale. Bado nasubiri, na wakiuweka huo mstari nitarudi hapa kubadilisha nyota.